Ndoo Arobaini za Igombwe

Mizani ilisoma sabini na moja, na Eliwaza Mkumbo akafanya jambo ambalo mpimaji mwenye miaka tisa kazini hapaswi kulifanya: aliipiga kofi ubavuni. Mizani haikuumia wala haikuona haya. Ikasoma tena sabini na moja.

"Acha utani," Eliwaza aliiambia.

Haikuwa na utani. Sheria ya Vifungashio ilikuwa fupi, na kila mpimaji angeweza kuisema hata ukimwamsha usingizini: chombo chenye mzigo unaozidi hamsini hakijazwi, hakiuzwi, hakipiti barabarani. Na chombo kilichokuwa ndani ya kabati lile la kioo kilikuwa ndoo ya kijani ya lita kumi, ndoo ya mafuta ya alizeti kutoka Igombwe, ambayo Eliwaza aliijua tangu hajaota meno. Alikuwa ameiogea, ameikalia, ameichotea maji, na siku moja alivishwa kichwani kama kofia kwa sababu ya kuiba karanga.

Mizani yenyewe haikuwa na sahani wala mawe. Unaingiza chombo, unafunga mlango, unasubiri kiasi cha kuchemsha chai. Mwanga hupita ndani ya chombo ukakipekua mpaka kwenye mikwaruzo, kisha ukaisoma punje, kijikompyuta kidogo kuliko mbegu ya ufuta kinachofinyangwa kwenye kitako cha kila chombo kiwandani. Punje hukumbuka yote: imejazwa mara ngapi, imesafiri wapi, imepigwa na jua kiasi gani, imeoshwa kwa kitu gani. Mizani inakusanya maisha hayo na kuyagawa katika mistari minne. Kuzaliwa, yaani moto na maji yaliyotumika kukitengeneza. Safari. Kifo, yaani miaka ambayo ardhi itahangaika nacho kikishatupwa. Na makombo, yale ambayo chombo kinayadondosha njiani kikiwa bado kinafanya kazi.

Ndoo ya Igombwe ilipata kumi na nne kwa kuzaliwa, tano kwa safari, kumi na saba kwa kifo. Hayo yote Eliwaza aliyatarajia. Kilichomfanya ainue mkono ni mstari wa nne, uliosoma thelathini na tano. Ndoo za aina ile hupata mbili.

Akaitoa ndoo, akaigeuzia dirishani, na hapo akaelewa. Ndani ilikuwa nyeupe. Kijani chote cha kitako kilikuwa kimesuguliwa kikaisha.

Barua ya ofisi ilikuwa imesema wazi: leteni ndoo arobaini zilizotumika, kama zilivyo. Wanawake wa Kikundi cha Wakamuaji wa Igombwe waliisoma barua wakacheka. Kama zilivyo! Nani mwenye akili zake anapeleka ndoo serikalini kama ilivyo, na mafuta ya jana yameganda pembeni, ili watu wa mjini waseme Igombwe hakuna wanawake? Walikaa korongoni siku mbili na mchanga na majivu, wakasugua mpaka vidole vikachubuka. Na kwa kuwa kule hakuna mtu anayempelekea mwenzake chombo kitupu, waliweka unga wa uwele humu, karanga humu, mayai humu, na katika ndoo moja kuku mtetea amefungwa miguu. Eliwaza alikuwa ametumia asubuhi nzima kuhamisha vyakula. Kuku alikuwa chini ya meza sasa hivi, akiitazama mizani kwa jicho moja.

Eliwaza alicheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni, kwa sababu juu ya meza ileile kulikuwa na chombo cha pili.

Hicho kiliitwa ganda. Kilioteshwa kwa wanga wa mhogo na uyoga, kwenye kalibu, siku nne tu kikawa chupa nyepesi yenye rangi ya maziwa. Ukimaliza mafuta unampa mbuzi anakula. Tayari Eliwaza alikuwa amepima chupa za kioo, zikaanguka kwa sababu ya safari, maana tanuru liko mbali na barabara ya Igombwe huvunja chupa moja katika kila tano. Alikuwa amepima makopo ya bati, yakaanguka kwa kutu. Ganda lilipata arobaini na nne. Kifo chake kilikuwa moja, na Eliwaza hakuwahi kuona kifo chepesi hivyo. Lakini kuzaliwa kwake kulikuwa thelathini na tatu, na karibu yote yalikuwa maji: lita kumi na moja za maji ili kuotesha ganda la lita moja.

Chombo chenye mzigo mdogo ndicho kingechukua wilaya nzima kwa miaka kumi, ili mtambo wa kukusanya na kuosha uwe mmoja. Mwisho wa kutia dole la kuidhinisha vipimo ulikuwa saa kumi jioni ya siku hiyo. Ndoo ikibaki na sabini na moja, ganda limeshinda, na kiwanda cha kuliotesha kitajengwa mahali penye mhogo mwingi. Mahali hapo ni Igombwe.

*

"Futa sampuli," alisema Bwana Kitundu.

Alikuwa mkuu wake, yuko Dodoma, na sauti yake ilitoka ukutani kama kawaida, ikiwa na kikohozi chake na kijiko chake cha chai. Alikuwa mtu mwema. Aliwahi kumfundisha Eliwaza kazi bila kumpigia kelele hata mara moja.

"Kwa kifungu gani, mzee?"

"Cha kumi na mbili. Sampuli iliyoandaliwa kinyume cha maelekezo hufutwa. Wameambiwa wasioshe, wameosha. Wao waandike tu kwamba ilitokea kwa bahati mbaya na si desturi yao, wewe utaleta ndoo nyingine ambazo hazijasuguliwa. Zitasoma ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Basi. Ndoo inashinda kihalali. Kisima cha watu kinapona. Eliwaza, mimi najua kwenu ni wapi. Nisingekushauri uongo."

Kisima ndicho kilichokuwa kikimkosesha Eliwaza usingizi. Jedwali ambalo mizani hulitumia kuhesabu maji lilifungwa makao makuu, na ndani yake lita moja ya Igombwe ilikuwa sawa na lita moja ya Bukoba, ambako mvua inanyesha mpaka watu wanaichukia. Hakuna mpimaji aliyeruhusiwa kuligusa. Lakini kisima cha Igombwe kilijengwa kwa pete kumi na nne za zege, moja juu ya nyingine, na Eliwaza alipokuwa darasa la pili maji yalifika pete ya tatu kutoka juu. Sasa ukichungulia unahesabu pete kumi na moja kavu. Kiwanda kingechimba kwenye mwamba uleule.

"Ahsante, mzee," alisema. "Nitawaita watie sahihi."

Alipumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akafungua faili ili kufuta sampuli, na mizani, yenye tabia ya kuonyesha usichouliza, ikamwekea mstari mwekundu chini ya ukurasa: makombo haya yamewahi kuonekana. Tazama kumbukumbu ya afya ya mpimaji.

Wapimaji walipimwa damu kila Januari kwa sababu ya vumbi la kazini. Miaka yote tisa Eliwaza alikuwa na chembe nyingi kuliko wenzake, na miaka yote alidhani ni kwa sababu anafanya kazi sana. Sasa mizani ilikuwa imelinganisha. Chembe zilizokuwa kwenye damu yake hazikuwa za ofisini. Zilikuwa za kijani, za umbo moja na yale makombo, zenye alama ya mchanga wa korongo lilelile.

Aliusoma mstari ule mara tatu. Kisha akausoma ule wa chini yake, ulioandikwa kwa herufi ndogo za kidaktari: kwa mtu mzima athari haijathibitika, kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, figo.

Alikaa kitini. Alifikiria uji wa uwele uliokuwa ukipoozwa kwenye ndoo ya kijani, na mkono wa shangazi yake ukikoroga. Alifikiria Naomi, mjukuu wa shangazi, mwenye miaka miwili na tumbo la uji huohuo. Alitaka kulia na hakulia, kwa sababu saa saba ilikuwa imefika na mlango uligongwa.

*

Shangazi Damari hakuwa mtu wa kuingia kimyakimya. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi, dada mkubwa wa baba yake Eliwaza, na ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki. Aliingia na kitenge chake cha safari, akaangalia ofisi yote, akaangalia kuku.

"Mbona hujamchinja?"

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Mbona hujamchinja, nimeuliza?"

"Nilikuwa kazini, shangazi. Kaa kwanza."

Alikaa, akazitazama ndoo arobaini zilizopangwa ukutani, na uso wake ukachanua. Mwanga wa dirishani uliziingia mpaka chini. "Umeziona lakini?" alisema. "Sema kweli. Umewahi kuletewa vyombo vya namna hiyo?"

"Sijawahi," alisema Eliwaza, na hapo hakusema uongo.

Alimwekea karatasi mezani. Alikuwa ameamua akiwa bado kitini: atafute sahihi kwanza, kisima kipone, halafu baadaye, polepole, mwaka kesho, awafundishe wanawake kuosha kwa njia nyingine bila mtu kuaibika. Ulikuwa mpango wa mtu anayependa watu wake, na uliingia akilini kirahisi sana.

Shangazi alivaa miwani, akasoma kwa sauti, maana alisoma kila kitu kwa sauti. "Sisi wanakikundi tunakiri kuwa ndoo hizi zilisuguliwa kwa mchanga kwa bahati mbaya..." Akaisogeza karatasi karibu na macho. Akaendelea polepole. "...na kwamba kusugua si desturi yetu ya kila siku." Akavua miwani.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi."

"Wewe Eliwaza?"

"Ni ya ofisi tu, shangazi. Ni maneno ya kisheria."

"Si desturi yetu." Aliyarudia maneno hayo kama mtu anayetoa mwiba kinywani. "Unataka mimi Damari niweke dole kwamba sisi hatusugui vyombo? Mimi niliyeposwa kwa ajili ya sufuria? Mama mkwe wangu alikuja kuchungulia jikoni kwa mama kabla hajaniona sura, unalijua hilo, na alirudi kwao akasema huyu tunamchukua. Leo niende serikalini nikaandike kuwa sisi ni wachafu?"

"Hakuna aliyesema wachafu."

"Karatasi imesema!"

Kuku alishtuka chini ya meza. Eliwaza alishika tama. Angeweza kumbembeleza. Shangazi alimpenda, na kwa kubembelezwa kiasi cha robo saa angetia dole huku akinung'unika, na jambo lingekwisha. Alimtazama yule mama, mikono yake imekunjwa kifuani, vidole vyake bado vina michubuko ya siku mbili za korongoni, na akaona kwamba anataka kumfanya aseme uongo bila kujua anadanganya kuhusu nini. Hilo lilimshinda.

"Shangazi, ndoo zimeanguka," alisema. "Zimeanguka kwa sababu ya kusuguliwa."

"Kusuguliwa kunaangushaje chombo?"

"Njoo uone."

Alimsimamisha mbele ya mizani, akamwonyesha picha. Kitako cha ndoo, kilichokuzwa mara elfu, kilikuwa kama shamba lililolimwa vibaya, mitaro kwa mitaro, na kwenye kingo za mitaro kulikuwa na nyuzi ndogo za kijani zilizo tayari kukatika. Alimweleza taratibu. Kwamba kila punje ya mchanga inakwangua. Kwamba kilichokwanguliwa hakiondoki chote na maji, kinabaki kimeshikilia, kinasubiri uji wa moto. Kwamba ndoo isiyosuguliwa hudondosha kidogo sana, na ndoo ya Igombwe hudondosha mara kumi na saba zaidi.

Shangazi alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo Eliwaza hakulikumbuka kutokea.

"Zinakwenda wapi, hizo nyuzi?"

"Kwenye chakula. Halafu kwenye damu."

"Damu ya nani?"

Eliwaza alifungua ukurasa wa Januari. Hakuwa na maneno mazuri ya kusema, kwa hiyo aliyasema yaliyokuwepo. "Yangu, shangazi. Ni zilezile. Nilikula kwako."

Shangazi Damari aliweka kiganja juu ya kioo cha mizani, palepale penye picha. Alipouliza tena sauti yake ilikuwa ndogo. "Na Naomi?"

"Kwa watoto ni figo. Mimi nimepita umri huo salama, nimepimwa, sina neno. Naomi tutampima. Lakini ni kweli, shangazi. Siwezi kukuambia si kweli."

"Nilikuwa nasugua kwa ajili yenu," alisema shangazi. "Ungekuta ndoo ina ukoko ungesema huyu si mama yangu, ndiyo maana hajali. Mimi nilisugua usije ukasema hivyo."

Eliwaza alimkumbatia. Walisimama katikati ya ndoo arobaini zinazong'aa na wakalia wote wawili, mkubwa akimpigapiga mdogo mgongoni kana kwamba mdogo ndiye aliyepata msiba.

*

Ilikuwa saa tisa kasoro. Shangazi alifuta macho kwa pindo la kitenge, akarudi kwenye kiti, na akawa mwenyekiti tena.

"Haya. Nikitia dole kwenye karatasi yako, inakuwaje?"

"Ndoo inapita. Kisima kinapona. Watu wanaendelea kusugua, maana tumeandika kuwa hawasugui, na hakuna atakayekwenda kuwaambia waache jambo ambalo hawalifanyi."

"Nisipotia?"

"Ganda linapita. Watoto wanakula chakula kisicho na nyuzi. Kiwanda kinakunywa kisima."

"Na hakuna kitu cha katikati? Mashine kubwa hivi, ya fedha zote hizo, inajua viwili tu?"

Kitu cha katikati kilikuwepo. Eliwaza alikuwa akikijua tangu asubuhi na hakukitaja hata kwa Bwana Kitundu, kwa sababu kilikuwa kimejaribiwa katika wilaya tatu na zote tatu zilianguka. Kiliitwa sharti la matumizi. Watumiaji wanaahidi kubadili jambo moja. Mizani inakubali ahadi, inapunguza mzigo, lakini inaongeza tatu za mashaka, kwa kuwa inawajua binadamu. Ndoo ingesoma arobaini na moja na kulishinda ganda kwa tatu tu. Baada ya hapo punje za ndoo zote, elfu tatu katika vijiji vinane, zingekuwa mashahidi. Kila ndoo itakayosuguliwa kwa mchanga ingejitaja yenyewe. Zikifika mia tatu ndani ya mwaka mmoja, ahadi imevunjika, ndoo inapigwa marufuku siku hiyohiyo, na ganda linaingia bila kupimwa tena.

"Tutaosha kwa kitu gani?" aliuliza shangazi.

"Maji ya moto, kitambaa laini, majivu yaliyochekechwa. Lakini kitako kitabaki na rangi ya mafuta. Njano. Haitoki."

"Njano."

"Ndiyo."

Shangazi aliinua ndoo moja, akaigeuza mwangani, akaiweka chini kwa adabu. Eliwaza aliona anachokiona: harusi, misiba, wageni, macho ya wanawake wenzake yakichungulia ndani ya vyombo vyake bila kusema kitu.

"Wale wa wilaya tatu walianguka kwa nini?"

"Waliona haya."

"Hata sisi tutaona," alisema shangazi. "Lete hiyo ahadi."

Akatia dole la kulia kwanza, kisha kwa kuwa mizani ilikuwa na ugumu wa kusoma kidole kilichochubuka, akatia la kushoto. Eliwaza alitia lake saa kumi kasoro dakika sita. Bwana Kitundu alikohoa ukutani, akasema amesikia, na akasema pia kwamba haamini ahadi hiyo itadumu, ila angependa kuwa amekosea kuhusu wanadamu.

*

Wiki ya kwanza ndoo sitini na tatu zilijitaja. Shangazi Damari alipita nyumba kwa nyumba. Ya pili zikawa arobaini. Alisimama kwenye kinu cha kukamulia, mbele ya magunia ya mashudu, akamtaja kwa jina Bi Tabitha, jirani yake wa miaka thelathini, ambaye ndoo yake ilikuwa imejitaja mara mbili. Alimwambia mbele ya wote kwamba anauza kisima kwa ajili ya sifa. Bi Tabitha aliondoka na kanga yake usoni, na kwa miezi minne hakumsalimia.

Lakini kasi ilipungua. Mwezi wa tatu ziliongezeka ishirini tu, wa nne kumi na tano. Watoto walipimwa, Naomi akiwa wa kwanza, na daktari alisema wamewahiwa. Eliwaza alianza kuthubutu kulala. Mwezi wa tano, uliobeba harusi nyingi, kasi ilirudi na jumla ikafika mia mbili sitini na moja, na mwaka ulikuwa bado na miezi saba.

Asubuhi ya Jumanne alifungua orodha na kukuta jina jipya linasubiri dole lake. Ndoo namba saba. Damari Mkumbo.

Mpimaji alikuwa na ruhusa ya kukataa taarifa akiona ni hitilafu. Punje hukosea, kokoto ikianguka ndani ya ndoo wakati wa kubeba, huhesabu kuwa imesuguliwa. Hakuna ambaye angeuliza. Eliwaza hakulitia dole lake mahali popote. Alichukua kifaa chake, akaendesha gari mpaka Igombwe, na akamkuta shangazi nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, ndoo iko mbele yake. Kitako chake kilikuwa cheupe.

"Najua kilichokuleta," alisema shangazi kabla ya salamu. "Wakwe wa mwanangu Loveness walikuja Jumapili. Mama yao alisimama pale mlangoni pa jiko. Hakusema kitu, Eli. Aliangalia tu. Nilipokwenda kuchukua maji nikajikuta nimeinama, mchanga uko mkononi. Nilisugua mpaka mwisho ndipo nikakumbuka."

"Inaweza kuwa kokoto," alisema Eliwaza.

"Nini?"

"Punje hukosea. Nikiandika ni kokoto, inafutika. Shangazi, zimebaki thelathini na tisa tu."

Shangazi alimtazama kwa huruma, ile huruma aliyomtazama nayo zamani alipomkuta na karanga mfukoni. "Na Tabitha naye ilikuwa kokoto?"

Eliwaza alichutama chini, kando ya kigoda.

"Basi inuka," alisema shangazi, "unisindikize, maana peke yangu miguu haitanifikisha."

Alibeba ndoo ile mkononi, mdomo wake ukiangalia nje, na njia nzima hakuifunika. Kwenye kinu wanawake walikuwa kama ishirini, wanachambua mbegu. Shangazi aliiweka mezani katikati yao na kuiinamisha ili kila mtu aone ndani. Mtu mmoja alianza kucheka akaacha.

"Hii ni yangu," alisema. "Nimesugua Jumapili. Hakuna aliyenilazimisha. Niliogopa kuitwa mchafu na watu waliokaa kwangu kwa saa mbili tu." Aligeuka akamtafuta Bi Tabitha kwa macho, akampata nyuma kabisa. "Tabitha, nilikutukana mbele ya watu kwa kosa ambalo nimelifanya mimi. Nimekuja kukuomba radhi mbele ya watu haohao."

Bi Tabitha aliendelea kuchambua. Alichambua kiganja kizima, akapuliza maganda, akamwaga mbegu kwenye ungo. Kisha akasema bila kuinua kichwa, "Ijumaa wanakuja wageni kwangu. Watu wa mume wangu, kutoka Kiomboi."

Wanawake waliacha kuchambua, wakamgeukia.

"Ninawaogopa sana," alisema Bi Tabitha. "Wakiwa mlangoni mwa jiko mimi mikono yangu siiwezi. Utakuja ukae na mimi kule ndani?"

"Nitakuja."

"Uje mapema. Na hiyo ndoo yako usiilete."

Wanawake waliangua kicheko, na shangazi akacheka mpaka akashika meza. Mwanamke mwingine akasema kwake kuna posa mwezi ujao, naye atamtaka mtu. Mwingine akataja arobaini ya baba yake. Walianza kupangana, nani atakaa jikoni kwa nani, wakibishana kwa kelele kama wanavyobishana katika kila jambo.

Eliwaza alikuwa amesimama mlangoni na kifaa mkononi, jina la shangazi yake bado liko kwenye kioo. Shangazi alimwona, akamkunjia uso.

"Bado tu hujaandika?"

Eliwaza akatia dole. Mia mbili sitini na mbili.